Kinachogonga Ndani ya Mwewe

Nakuru,
7 Machi 2025

Kwa Senge Chepkemboi,

Chamgei, Senge. Natumaini goti limepunguza kuuma na kwamba mvua imeanza huko juu, maana huku bado ni vumbi tupu. Mimi ni mzima. Chumba changu hakivuji tena, mwenye nyumba alibadilisha mabati. Baba alinipigia Jumapili akasema ng'ombe amezaa ndama jike na amempa jina lako. Sikujua kama ni heshima au ni utani.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu dukani kwa Bravin. Bravin ni mtu mzuri, lakini nikikupigia inabidi akurudishie kila neno kwa kelele sikioni, na stendi nzima ya Keringet inajua mambo yangu kabla wewe hujayasikia. Hili sitaki lijulikane. Joash wa lori la viazi ameahidi kuiweka barua mkononi mwako. Aliniuliza huyo dem ni wa wapi. Nilipomwambia naandikia shangazi yangu alicheka mpaka akakohoa.

Senge, naogopa, na nikikuambia ninachoogopa utaona ni upuzi.

Unajua kazi yangu hapa kwa Bwana Gathogo wa mnada. Mali ikija naipokea, naibandika namba, nashika ufunguo wa stoo mpaka iuzwe. Mwezi uliopita tulienda Subukia kuchukua vitu vya mzungu mmoja mzee aliyefariki. Watoto wake wako ng'ambo na wanataka kila kitu kiuzwe: viti, matandiko ya farasi, friji mbili mbovu. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake, wamefungwa kwa magazeti ya zamani, wanyama wadogo wa shaba. Kuna paka aliyeketi wima, ana tundu la hereni sikioni kama wazee wetu wa zamani. Kuna nguchiro, kuna fahali, kuna ndege wa mdomo mrefu kama wale wa ziwani. Bwana Gathogo anasema babu wa yule mzungu alikuwa askari Misri na aliwaleta kutoka huko, na kwamba ni wa wakati wa Farao. Alisema hivyo akiwa na furaha sana.

Mmoja ni mkubwa kuliko wenzake, kama chupa ndogo ya soda. Ni ndege aliyesimama, mabega mapana, macho yake yanakutazama popote uendapo. Chini ana tundu lililozibwa kwa kitu kama chokaa, na kando ya tundu kuna ufa mwembamba. Nilipomwinua nimfute vumbi, kitu kiligonga ndani. Kikavu, chepesi. Nilimrudisha mezani haraka.

Nilimuuliza Bwana Gathogo. Akasema watu wa Misri walikuwa wanamfungia mnyama aliyekufa ndani ya sanamu yake, wanampelekea mungu wao. "Hiyo ni mifupa ya ndege, Kip," akaniambia. "Usiitingishe sana. Hiyo ndiyo inafanya watu waitake."

Stoo yetu iko kando ya barabara ya malori. Kila lori zito likipita rafu inatetemeka, na yeye anagonga. Nakaa pale mchana kutwa nikisikiliza injini kwa mbali, nikijua kitakachofuata. Sijui nakuuliza nini. Nilitaka tu mtu mwingine ajue.

Wako,
Micah Kiplimo

* * *

Keringet,
18 Machi 2025

Kiplimo mwanangu,

Barua imefika, Joash aliileta ikiwa na alama ya kidole cha mafuta. Mwandiko wako bado mzuri. Ni mimi niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, kwa hiyo hiyo sifa ni yangu pia. Goti liko vile vile. Mvua imekuja Alhamisi na tumeanza kupanda. Baba yako mwambie ndama mwenye jina langu atapiga watu mateke.

Kuku wangu wameangua vizuri lakini mwewe amechukua vifaranga wawili. Sue wa jirani alikuwa hapa, akaokota jiwe amtupie. Nilimshika mkono. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Wacha anitazame.

Sasa nijibu bila kuzunguka. Huyo ndege wa sanduku, mdomo wake umepinda? Chini ya jicho ana alama kama chozi? Miguu yake ina kucha kubwa? Kwa maana ulivyomweleza, mimi tayari namjua, lakini nataka uandike wewe.

Baba yako hakukuambia mambo haya kwa sababu alitaka uwe mtu wa vitabu. Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Wa jirani zetu ni fisi, wa mama yako ni nyuki. Sisi, wewe na mimi na baba yako, wetu ni mwewe. Hatumuui, hatumtupii jiwe hata akimaliza vifaranga vyote. Na tukimkuta amekufa hatumwachi juu ya ardhi kama takataka. Nilikuwa msichana mdogo nilipoona babu yako akishuka kwenye mkokoteni njiani, akachimba kwa panga, akamfunika mwewe kwa majani na udongo, akamwambia pole ndugu yangu. Halafu akapanda tena tukaendelea na safari.

Najua unachotaka kusema. Nimeokoka, naimba kwaya ya akina mama, na Mungu wangu ni mmoja. Mchungaji hajawahi kuniuliza habari za mwewe na mimi sijawahi kumwambia.

Huyo wa kwako amekaa bila kufunikwa tangu Farao. Ndiyo maana anakugongea wewe. Hao wengine wote waliomshika, hujaniandikia kwamba walisikia kitu.

Mlete nyumbani.

Senge wako

* * *

Nakuru,
28 Machi 2025

Kwa Senge mpendwa,

Salamu nyingi. Asante kwa viazi, nimempa na Nyongesa, askari wetu wa mlangoni, akasema hajaonja viazi vitamu namna hii tangu atoke kwao Kitale. Mimi ni mzima isipokuwa chakula hakishuki vizuri.

Mdomo wake umepinda. Ana chozi chini ya jicho, limechongwa. Kucha zipo.

Lakini Senge, siwezi. Sijawahi kuchukua hata kalamu ya mtu. Huyo ndege ana namba, na namba nimeibandika mimi, na ufunguo uko shingoni mwangu. Akikosekana hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Tafadhali usiniandikie tena jambo hilo. Naisoma barua yako nikiwa chooni, halafu naogopa kuichana na naogopa kuiweka.

Tena sasa kuna mteja. Alikuja Jumanne kutoka Nairobi. Ni mtu mpole, anaongea polepole, amevaa viatu laini ambavyo havitoi sauti, na hicho ndicho sikukipenda, maana niligeuka nikamkuta nyuma yangu tayari. Alimweka ndege sikioni akamtingisha taratibu, akafumba macho. Alimwambia Bwana Gathogo anawataka wanyama wote pamoja, lakini bila huyu hataki hata mmoja. Na mali ikishafika kwake, ni yake, na hapendi mali yake ichezewe. Kisha akanigeukia.

"Ufunguo uko na wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Vizuri. Basi nikitafuta mtu najua pa kuanzia."

Alicheka, na Bwana Gathogo akacheka. Mimi pia nilicheka, Senge, sijui kwa nini.

Kwa sheria ya mnada ni lazima watu wote wapewe siku ya kuangalia mali kwanza. Itakuwa Jumatano tarehe 23 Aprili. Milango itakuwa wazi na kila kitu kitapangwa mezani, na yeyote anaweza kuingia. Baada ya hapo mnada, na yule mteja atamchukua ndege aende zake. Ni majuma machache tu. Niombee yapite.

Mtoto wako,
Kiplimo

* * *

Keringet,
11 Aprili 2025

Kiplimo,

Sisi ni wazima. Mvua ni nyingi, magari yanateleza. Joash ana haraka, kwa hiyo naandika kidogo.

Nimesikia ulichosema na sitakuandikia tena jambo hilo.

Hiyo ofisi yenu, mtu akishuka stendi anafuata upande wa soko au wa reli? Nauliza tu.

Senge

* * *

Nakuru,
25 Aprili 2025

Kwa Senge Chepkemboi,

Salamu. Natumaini ulifika salama juzi na hukunyeshewa.

Asante kwa maziwa ya mursik. Nilifurahi kukuona, ingawa uso wangu ulionyesha mambo mengine. Ulipoingia na mwavuli wako na ule mfuko wa katani, kwanza nilidhani macho yananidanganya. Watu walikuwa wengi, na wewe ulikuwa unanisalimia kwa sauti ya mtu asiyesikia, kila mtu akageuka. Nyongesa aliniambia baadaye kwamba alikupa kiti chake mwenyewe mpaka upate pumzi, na ukambariki kwa Kikalenjin, na yeye akajibu amina bila kuelewa neno.

Nataka niandike yaliyotokea baada yako, kwa utaratibu, kwa sababu kichwa changu hakina utaratibu.

Ulinipa kibuyu. Ulisema unataka kuona hao wanyama ninaowalinda. Nilikuonyesha paka, ukagusa sikio lake. Ukasimama mbele ya ndege muda mrefu, na midomo yako ilikuwa ikitembea. Wakati huo Bwana Gathogo akaniita mbele, mteja mmoja alikuwa anagombania kiti kilichovunjika mguu. Niliporudi ulikuwa umefika mlangoni, unaniambia Joash hawezi kungoja. Sikukusindikiza. Nilibaki nimeshika kibuyu.

Tulipofunga, ndege hakuwepo mezani.

Bwana Gathogo hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alifunga mlango, akatuambia sisi sote tutoe kila kitu mifukoni, akatazama chini ya kila meza kwa magoti yake mwenyewe. Amempigia yule mteja. Mnada umeahirishwa. Mteja amesema hana hasira, atakuja.

Senge, sikuulizi kitu. Narudia, sikuulizi. Nataka tu kukuambia kwamba ulikuja na kibuyu ndani ya mfuko ule, ukaniachia kibuyu, na mfuko ulipotoka mlangoni ulikuwa bado unaning'inia kwa uzito.

Niandikie haraka. Niandikie chochote.

Kiplimo

* * *

Keringet,
13 Mei 2025

Kiplimo mwanangu,

Barua yako imechelewa kwa sababu daraja la chini lilijaa matope na Joash alikaa siku nyingi bila kushuka. Usifikiri nimenyamaza kwa makusudi.

Sisi ni wazima. Mahindi yamefika kwenye goti, goti zuri, si langu. Ndama mwenye jina langu amempiga baba yako teke kama nilivyosema. Kwaya tunajiandaa kwenda Mai Mahiu kwa mkutano, na mimi nimeambiwa nisimame nyuma kwa sababu naimba nje ya wengine. Nimekubali. Siwasikii, kwa hiyo hawanisumbui.

Huyo askari wa mlangoni amelelewa vizuri. Mwambie hivyo.

Mvua ilipolainisha udongo nilichimba shimo dogo. Si la viazi. Tangu siku hiyo nalala kama mtoto, na nataka na wewe ulale.

Mambo mengine hayaandikwi.

Senge wako

* * *

Nakuru,
16 Mei 2025

Senge,

Nisamehe nikikosa kusalimu vizuri. Nyongesa yuko ndani.

Polisi walikuja Jumatatu. Mteja alikuwa kwenye gari lake nje, dirisha limefunguliwa kidogo, hakushuka. Nilikuwa nimesimama kando ya meza nikijua kwamba wamenijia mimi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili kwa sababu nilisikia seli ni baridi. Wakanipita. Wakaenda mlangoni kwa Nyongesa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapekua mifuko ya watu wakitoka, na kama kitu kilipita, kilipitia kwake. Hivyo ndivyo walivyosema. Korti imewaruhusu wamweke huko wakiendelea na uchunguzi. Mke wake alikuja ofisini na mtoto mgongoni akiuliza nguo za mumewe ziko wapi. Ni mimi niliyempa. Aliniambia asante.

Sasa nitakuandikia wazi, na barua hii uichome. Ulimchukua. Najua kwa nini ulimchukua. Nami pia nilipomsikia akigonga nilijua ni wetu, hata kabla hujaniambia, na ndiyo sababu niliogopa namna ile. Lakini kuna mtu amelala kwenye sakafu ya simiti kwa sababu yetu, Senge, yule aliyekupa kiti.

Kila asubuhi napanga kwenda kusema ni mimi. Nafika mpaka mahali barabara inapogawanyika, upande mmoja kituo, upande mwingine ofisi. Miguu inakwenda ofisini. Siwezi kusema ni wewe, na sina moyo wa kusema ni mimi. Yule mteja amehamia hotelini hapa mjini. Jana alisimama nyuma yangu tena. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Nakuru. "Hapana," akasema. "Kwenu kabisa."

Nikainama nikaendelea kubandika namba. Lakini hilo si swali gumu kwake.

Kama bado yupo, mrudishe. Nakuomba kwa jina la babu.

Kiplimo

* * *

Keringet,
20 Mei 2025

Mwanangu,

Barua nimeisoma mara moja na nimeichoma mekoni. Hukuniambia kuhusu yule askari mapema. Ungeniambia.

Joash anakuletea gunia moja la viazi. Usimpe mtu, usimwage mbele ya watu. Fungulia chumbani kwako na utumie mkono.

Aliyekuwa ndani harudi. Nimemfunika mwenyewe na nimemwambia pole, na hata waje na polisi wa dunia nzima sitaonyesha mahali. Lakini ile nyumba yake ya shaba sina kazi nayo. Ilikuwa kwenye debe la unga wakati wote huu. Tundu la chini nimeliziba kwa nta ya nyuki na majivu, nikalisugua mpaka likafanana na lilivyokuwa. Liache likauke vizuri, usiliweke juani. Ukimtingisha atagonga kama zamani. Nimejaribu sikioni, hata mimi nimesikia.

Habari nyingine za hapa ni kidogo. Yule mtetea wangu mweusi hayupo tena. Alikuwa mdogo lakini supu ilikuwa nzuri, na Bravin alipita akanywa kikombe. Mtu akiuliza kuku ameenda wapi, wewe sema mwewe amemchukua. Si uongo.

Mtoe huyo askari.

Senge

* * *

Nakuru,
6 Juni 2025

Kwa Senge wangu,

Chamgei mising. Nimekawia kuandika, nisamehe. Sasa nitakuambia yote.

Nilimtoa kwenye viazi. Nilimpeleka stoo ndani ya koti, nikamsukuma ndani ya buti la mpira la yule mzungu, katika rundo la vitu vinavyongojea mnada. Kisha nikamwomba Bwana Gathogo anisaidie kupanga lile rundo upya. Yeye ndiye aliyeinua buti. Alimtoa ndege, akamwangalia, akaniangalia mimi. Mwishoni akasema, "Wewe ni mtu wa kanisa, Kip. Mimi sitakuuliza kitu." Akaenda kumpigia mteja.

Mteja alikuja na sanduku dogo la vifaa. Alimtingisha sikioni. Aligonga. Nikashukuru. Kumbe hakuwa amemaliza. Alitoa waya mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha, kama ule wanaoutumia mafundi wa magari kuchungulia ndani ya injini. Akauingiza kwenye ufa, pole pole, akiangalia kwenye simu yake. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake na niliona kila kitu. Mifupa. Ubawa mmoja, na mguu, na kitu kama shingo.

"Myeupe sana," akasema.

Bwana Gathogo akasema labda ni sababu ya kufungiwa vizuri. Mteja akavuta waya, akasogeza pua kwenye ufa. Akanusa, akaacha, akanusa tena. Na mimi nilipokuwa pale nilisikia harufu pia, ilipanda taratibu na joto la ile taa. Senge, supu yako uliitia dania. Ulitia na kitunguu.

Nilishika meza. Nilijiona niko chini kwenye simiti mahali pa Nyongesa, na wewe umekaa kando yangu na mwavuli wako.

"Hiki kitunguu," mteja akasema.

Akanusa mara ya tatu.

"Walikuwa wanawazika na vitunguu. Na viungo. Nimesoma." Alimfunga ndege kwenye kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto. "Lakini sijawahi kukinusa mwenyewe."

"Tangu Farao na bado inanukia," Bwana Gathogo akasema. "Hao watu walijua kazi." Alisema hivyo bila kunitazama, akijikuna sikio.

Mteja ameondoka na wote: paka, nguchiro, fahali na wengine. Alipofika mlangoni aliniambia tutaonana. Mpaka leo nikisikia mlango wa gari nje, kwanza naangalia viatu vya anayeshuka.

Nyongesa walimwachilia kesho yake, kwa sababu hakukuwa tena na kitu kilichopotea. Amekonda. Alikuja kuchukua koti na redio yake, hatarudi kazini. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa natafuta maneno. Yeye ndiye aliyeanza.

"Yule mathe wako alifika salama siku ile? Alikuwa na mfuko mzito."

Nilisimama. Nikamuuliza anasema nini.

"Nilimshikia mfuko akifungua mwavuli. Nikasikia kitu kinagonga. Polisi waliniuliza nani alitoka na mzigo, nikawaambia hakuna. Wakaniuliza tena na tena, vile wao huuliza." Alicheka kidogo na nikaona jino moja halipo. "Alinibariki, bro. Sasa ningemtaja vipi?"

Halafu akavuka barabara na redio yake kwapani.

Nimemwandikia Bwana Gathogo kwamba naacha kazi mwisho wa mwezi. Nitakuja. Nataka unionyeshe mahali ulipochimba, nimwambie pole na mimi, maana nilimfungia stoo na nikaogopa jina lake. Kisha unionyeshe la kumfanyia Nyongesa, maana hilo mimi mwenyewe silijui.

Mtoto wako,
Kiplimo

* * *

Keringet,
17 Juni 2025

Kiplimo mwanangu,

Sisi ni wazima. Joash atapitia kwako na magunia mawili ya viazi, kuku wanne walio hai na kibuyu. Vyote ni vya Nyongesa na mke wake. Umpelekee kwa mikono yako mwenyewe mpaka mlangoni kwake, na usimwambie ni shukrani. Mwambie senge anauliza amelala vipi. Halafu ukae usikilize jibu lote, hata kama ni refu, hata kama linakutisha. Hiyo ndiyo kazi yako sasa, na utaifanya tena mwezi ujao, na unaofuata.

Jino lake nimelifikiria sana. Siku hizi silali kama nilivyokuandikia.

Hapa gari geni limesimama mbele ya duka la Bravin mara moja. Bravin anasema mwenye gari aliuliza njia ya Molo tu, akanunua maji. Sikumuuliza amevaa viatu gani.

Mahali nilipochimba sitaandika, na ukija sitakuonyesha kwa kidole. Utazunguka boma mwenyewe, utafute mahali ambapo kuku wangu hawaendi kuparua. Nimewamwagia mahindi hapo kuwajaribu. Wanafika ukingoni, wanasimama, wanatazama juu.

Senge wako,
Chepkemboi